Mlango Huu Umetoka Nyumba Gani?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, ina kipengele ambacho ukikisoma haraka utarudi kukisoma tena. Inapotaja vitu vinavyolindwa, inataja mlango. Inasema wazi kabisa: mlango wa mbao, au fremu ya mlango, iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940. Kitu kama hicho hakitoki nje ya nchi bila kibali. Nchi ilikuwa changa, ina mambo chungu nzima ya kushughulikia, na bado kuna mtu alikaa mezani akaona ni lazima mlango uandikwe kwenye sheria.

Kipengele hicho nakiheshimu. Ila kila nikikutana nacho najiuliza: sawa, mlango umelindwa. Na boriti je?

Kwa msomaji wa bara ambaye hajawahi kulala chali kwenye nyumba ya kale ya pwani akaangalia juu, boriti ni ile miti ya mikoko iliyolazwa sambamba kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, ikabeba dari, na dari ikabeba ghorofa ya juu. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kiasi kwamba dirishani unaweza kukaa mtu na kikombe chake cha kahawa. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto, hushindiliwa kwa siku nyingi mpaka sakafu inakuwa ngumu. Ni uzito mkubwa huo, na mti wa mkoko, pamoja na ugumu wake wote, una kikomo. Ukiupa umbali wa mita mbili na nusu, mpaka tatu, unabeba. Ukizidisha hapo unaanza kupinda, na wenye nyumba chini yake hawalali vizuri.

Ndiyo maana vyumba vya Lamu, vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, hata vyumba vya magofu ya Kilwa Kisiwani, ni virefu na vyembamba kama korido. Nimesoma maelezo mengi ya kitalii kuhusu jambo hili: faragha, dini, joto, utamaduni. Yote yana ukweli wake. Lakini kwanza kabisa kuna mti. Upana wa chumba uliamuliwa kwenye tope la mikoko kabla mwenye nyumba hajazaliwa.

Na wakata mikoko hawakuita kila mti boriti. Lamu wana ngazi nzima ya majina, kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti yenyewe ni ile ya unene wa sentimeta 11 mpaka 14 hivi. Huuzwa kwa korija, na korija ni miti 20. Mtu akikuambia nyumba yake ilikula korija kumi, amekupa hesabu ya nyumba nzima kwa neno moja. Nayapenda maneno haya kwa sababu hayakutungwa na kamati ya kamusi. Yametoka kwa watu waliosimama majini mpaka magotini na shoka mkononi.

Miti hii haikubaki kwetu peke yetu. Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kuhusu Siraf, bandari tajiri ya pwani ya Uajemi, kwamba nyumba zake zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Nchi ya Zanji ndiyo sisi. Yaani miaka elfu moja iliyopita, mfanyabiashara wa Siraf alikuwa akilala chini ya miti ya pwani yetu, na huenda chumba chake nacho kilikuwa chembamba. Na Ibn Battuta, alipopita hapa mwaka 1331, aliusifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri, akasema majengo yake ni ya mbao. Wanaakiolojia wamekuwa wakikuna vichwa tangu hapo, maana Kilwa wanayoichimba ni ya mawe. Mimi naridhika kwamba mgeni mwenye macho makali aliingia mji wa mawe akatoka akikumbuka mbao.

Biashara ile haikukatika. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alikuwa ndani ya chombo cha Kuwait cha nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi kilipoingia delta ya Rufiji kupakia boriti. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilitoka mwaka uliofuata, na kurasa za Rufiji si za kimapenzi hata kidogo: tope, mbu, joto, mabaharia wanaobeba miti mpaka wanaugua. Wakati huo mikoko ile ilikuwa tayari mali ya serikali kwa miaka mingi. Wajerumani walishaitangaza kuwa hifadhi mwaka 1898. Chombo kikajaa, kikasubiri kusi, kikarudi Ghuba. Kule miti ile waliiita chandal, na ukienda leo mtaa wa kale wa Al Fahidi, Dubai, uinue kichwa ndani ya nyumba zilizohifadhiwa, utaiona darini. Kisha mafuta yakaja, yakaja na saruji na nondo. Soko la Ghuba likafifia. Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Nimezunguka mpaka Ghuba kwa sababu moja. Mti uliovuka bahari nzima haukuwa kitu cha kutupa. Na hata huku kwetu, ambako mkoko uko karibu, hakuna aliyetupa boriti.

Haya niliyaelewa vizuri kwa fundi mmoja wa Mji Mkongwe, mzee wa makamo ya baba yangu, aliyekuwa akishusha dari ya ghorofa ya pili huku nikimsumbua kwa maswali. Nilimwona amepanga boriti za zamani ukutani, nyingine zimeoza ncha, nikamuuliza anazipeleka wapi kuzitupa.

“Kutupa?” akasema. “Boriti haifi yote, mwanangu. Inakufa kichwa.”

Kichwa ni ile sehemu iliyozama ukutani. Paa likivuja, maji hayashuki katikati ya chumba kama tunavyodhani. Yanaingia ukutani, yanakaa humo, na vichwa vya boriti vinakunywa taratibu miaka na miaka. Ukipaka ukuta ule saruji badala ya chokaa ndiyo umemaliza kabisa, kwa sababu chokaa hupumua na saruji haipumui, unyevu unakosa pa kutokea. Siku moja kichwa kinakatika na dari inashuka. Lakini katikati ya mti, kule kwenye hewa, mkoko unakuwa mzima, mgumu, mchwa ameujaribu akakata tamaa.

Basi fundi anaugonga kwa nyundo kutoka ncha hadi ncha. Sauti ikiwa kavu, mti ni mzima; ikiwa nzito kama mtu anayegonga gunia, hapo pameoza. Anakata vichwa vyote viwili. Boriti iliyokuwa ya mita tatu imebaki mbili na nusu. Chumba kile haikitoshi tena, lakini ukumbi mdogo wa nyuma inautosha, au dari ya ngazi. Baada ya miaka mingine hamsini, labda sitini, inakatwa tena, inakuwa kizingiti juu ya dirisha. Baadaye inakuwa mguu wa jukwaa la mafundi. Na mwisho wake, kama fundi alivyonieleza bila huzuni yoyote, inaingia kwenye tanuri la chokaa, inachoma matumbawe, inakuwa sehemu ya ukuta wa nyumba nyingine.

Hii ndiyo “urejelezaji” tunaoandikiwa ripoti siku hizi, ila haukuwa na jina. Hakuna aliyeuita kutunza mazingira. Ulikuwa ubahili wa kawaida wa watu wanaojua bei ya korija. Na ulikuwa na matokeo ambayo kwa anayeandika historia ni tamu na chungu pamoja: huwezi kuitazama nyumba ya pwani ukasema ina umri huu. Ukuta unaweza kuwa wa juzi, boriti ya babu yake babu. Nyumba iliyoanguka mtaa wa pili imehamia hapa, imelala darini. Mji ulikuwa ukijila na kujizaa wenyewe, na mbao ndizo zilizokuwa zikihama.

Sasa turudi kwenye mlango, maana mlango nao ulikuwa msafiri.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Zanzibar miaka ya 1850, aliona kwamba ukubwa wa mlango na wa misumari yake ndio uliopima heshima ya mwenye nyumba. Burton alikuwa mtu wa kudharau wenzake na simnukuu kwa mapenzi, lakini hapo macho yake hayakumdanganya. Mlango ulikuwa kadi ya utambulisho. Miimo iliyochongwa, kizingiti cha juu chenye maandishi au maua, mfaa katikati unaofunika pale mabawa mawili yanapokutana, misumari ya shaba. Mingine ilikuwa ya mraba juu, mtindo wa Kiarabu; mingine ya tao, kazi ya mafundi wa Kihindi, hasa kuanzia mwisho wa karne ya 19. Judith Aldrick, aliyeichunguza milango ya karne ile, alichapisha utafiti wake katika jarida la Azania mwaka 1990, na Mwalim A. Mwalim akaipa milango ya Zanzibar kitabu kizima miaka michache baadaye. Ukitaka kubishana na mtu kuhusu maana ya samaki, mnyororo na yungiyungi, anzia huko. Mimi sibishani, nadhani mafundi wengi walichonga walichofundishwa, wakalipwa, wakaenda kula.

Kinachonivutia mimi ni jinsi mlango ule ulivyoundwa. Hauna bawaba. Kila bawa lina ncha juu na chini, zinaingia kwenye matundu ya vizingiti, linazunguka hapo. Fremu imeunganishwa kwa ndimi na vigingi vya mbao. Maana yake ni kwamba fundi anayejua kazi anaweza kuufungua wote, akaubeba vipande vipande, akausimamisha kwingine, bila kuuharibu. Mlango wa pwani ni fanicha kubwa kuliko zote ndani ya nyumba. Familia iliyohama ilihama nao. Nyumba mpya ilijengewa mlango wa zamani, wengine husimulia kwamba mlango ulisimamishwa kwanza na nyumba ikafuata nyuma yake.

Kwa hiyo anayesema “mlango usitoke kwenye nyumba yake ya asili” huyo hajui historia ya milango. Milango imetoka siku zote. Ugomvi wangu uko kwingine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wenyewe wengi wakaondoka, familia nyingine zikaingia, chumba kimoja familia moja. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa paa. Mvua za masika zikafanya kazi yake kwenye vichwa vya boriti, na katika miaka ya 1970 na 1980 nyumba zikawa zinaanguka moja baada ya nyingine. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985 ikakuta hali hiyo. UNESCO waliuingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Na orodha ile, pamoja na faida zake, ilileta wageni, wageni wakaleta hoteli, hoteli zikahitaji sura ya kale, na sura ya kale ya haraka kuliko zote ni mlango.

Hapo ndipo mwendo ulipogeuka. Zamani nyumba ilikufa kwanza, kisha mbao zake zikahamia nyumba nyingine. Siku hizi mlango unatoka kwanza, na nyumba inakufa kwa sababu umetoka.

Nenda Bagamoyo, tembea mtaa wa kale taratibu, angalia matundu. Fremu ya mlango wa kuchongwa imejengewa ukutani. Aliyeichomoa usiku, au mchana kwa haraka ya kupakia gari, hakuweka mhimili. Mawe ya juu yamelegea, ukuta umepasuka kutoka kizingitini kwenda juu. Nyumba isiyo na mlango inaingiwa na mbuzi, kisha na watoto, kisha na mtu anayetafuta mabati. Mabati yakitoka, mvua inaingia. Baada ya masika tatu, nne, boriti zinaanza kukatika vichwa. Halafu siku moja tunapiga picha gofu tunaandika kwamba “limeanguka kwa uchakavu.” Uchakavu gani? Kulikuwa na mnunuzi.

Ndiyo maana neno “mbao zilizookolewa” linanikwaza. Nimekula kwenye hoteli moja ya ufukweni ambapo meza ilikuwa bawa la mlango wa kale limelazwa, kioo juu yake, misumari ya shaba chini ya kioo kama dagaa kwenye barafu. Kikaratasi kilisema mbao zimeokolewa kutoka nyumba za kale za Waswahili. Nikamuuliza kijana aliyenihudumia, nyumba gani? Akacheka kwa adabu, akasema, “Za huko pwani, dada.” Sisi wenyewe tulikuwa pwani. Bahari ilikuwa mbele yetu.

Kuokoa maana yake kuna hatari na kuna aliyekuwa hatarini. Kama nyumba ilikuwa imelala chini na mlango unanyeshewa, basi aliyeuchukua kauokoa, na apewe ahsante yake. Kama nyumba ilikuwa wima na bibi anaishi ndani, hilo lina jina lingine. Na meza ile haiwezi kuniambia ni lipi kati ya hayo mawili, kwa sababu kitu pekee ambacho hakuna aliyejali kukibeba pamoja na mlango ni anwani yake.

Lakini nisiwe mwepesi. Fundi wangu wa Mji Mkongwe hakukubaliana nami hata kidogo nilipomweleza haya. Aliniuliza kama najua mirathi. Nyumba ya marehemu ina warithi kumi na wanane, alisema, wengine Muscat, wengine Dar, wengine London, mmoja anaishi humo na hana hela ya ndoo ya chokaa. Nyumba haigawanyiki. Haiuziki mpaka wote waweke saini, na kuwapata wote ni kazi ya miaka. Mlango je? Mlango unauzika leo na fedha zake zinagawika kesho. “Wewe unaona wizi,” akaniambia. “Mimi naona mgonjwa amepelekwa hospitali.”

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kuna jibu moja. Kilichonibaki ni kwamba mauzo ya namna ile mara nyingi yanafanywa na mtu aliyebanwa, kwa mtu ambaye hakubanwa na chochote, na bei inafuata hali hiyo. Abdulrazak Gurnah aliliona hili mapema kuliko sisi waandishi wa habari. Katika By the Sea, riwaya ya mwaka 2001, Saleh Omar ni mfanyabiashara wa fanicha anayenunua vitu vya watu na kuviuza kwa wageni, na sehemu kubwa ya uchungu wa kitabu kile inazunguka nyumba iliyochukuliwa kwa deni na meza ya mpingo ambayo kijana anatumwa kuiomba irudi, na hairudi. Msomaji anaweza kumaliza kitabu bila kuwa na uhakika nani alimdhulumu nani. Lakini meza ile inakumbukwa. Ina historia, ina wenyewe, ina mtu anayeidai. Meza yangu ya hotelini haikuwa na mtu wa kuidai.

Kuhusu mbao za majahazi sina neno refu. Jahazi likizeeka linavutwa ufukweni linakatwa, na makabati na fremu za vioo zinazotengenezwa kwa mbao zake, zenye matundu ya misumari na rangi za tabaka saba, nyingi ni nzuri na hazijamvunjia mtu nyumba. Chombo hakikai kwenye kiwanja ambacho mtu anakitaka.

Kuna jambo jingine linalofanya boriti ya zamani iwe muhimu sasa kuliko wakati wowote. Mikoko imekuwa adimu, na ulinzi wake umekaza. Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake mwaka 2018, na wakataji wa Lamu, ambao kazi ile ndiyo waliyorithi, walijikuta mkononi hawana kitu. Siwezi kuilaumu sera ya kulinda mikoko. Samaki wanazaliwa humo, na pwani inayotafunwa na bahari haihitaji maelezo marefu. Lakini mwenye nyumba ya kale anayetaka kubadilisha dari afanye nini? Anachofanya wengi wao ni kumwaga zege. Na zege juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa ni kama kumbebesha mzee gunia la chumvi: atasimama siku ya kwanza. Wengine huweka mbao za paina kutoka Mufindi, zilizokua haraka na kukatwa haraka, na dumuzi anazikaribisha kwa furaha. Mninga na mkongo, ambao pwani ya Lamu wanauita mbambakofi na walichongea milango, bei yake mnaijua.

Kumbe basi mti bora wa kutengeneza nyumba ya kale ni mti uliotoka nyumba ya kale. Fundi anaujua ukweli huu. Sheria yetu haiujui. Imelinda mlango uliochongwa mwaka 1939, imeuacha uliochongwa 1941, na mlango wa kawaida usio na ua hata moja haikuuona. Boriti ndiyo kabisa. Nyumba inapobomolewa Kariakoo au Bagamoyo, boriti zake zinapakiwa pamoja na kifusi, au zinauzwa kuni, na hakuna mtu anayevunja kifungu chochote. Ningelazimishwa kuchagua kimoja cha kulinda, ningechagua dari. Nyumba iliyopoteza mlango bado unaweza kuiwekea ubao na kufuli ukasubiri siku njema. Iliyopoteza boriti haisubiri.

Na inawezekana kufanya kazi hii vizuri. Ile zahanati ya kale ya Ithnasheri inayotazama bandari ya Zanzibar, jengo lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ilikuwa hoi kabla ya Aga Khan Trust for Culture kuikarabati miaka ya 1990. Ukisimama leo chini ya roshani zake za mbao unaona kilichowezekana mafundi walipopewa muda. Hatua chache kutoka hapo kuna mfano mchungu. Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na kumbi pana ambazo boriti peke yake isingeziweza, lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Halikunusurika kutelekezwa. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati, upande wake wa mbele na mnara vilianguka, na mafundi wawili wakafa. Siku zile picha zilizosambaa kwenye simu zetu zilionyesha lundo la mawe, chuma na mbao, na nakumbuka nilikuwa navuta picha kwa vidole kuangalia mbao, nikijiuliza nani anaziandika, ipi imetoka ghorofa gani, kabla ya katapila kufika.

Maana kuandika ndiko kunakogharimu kidogo kuliko vyote. Hakuhitaji mfadhili. Mwenye hoteli anayenunua mlango anaweza kuuliza umetoka mtaa gani, nyumba ya nani, mwaka gani, kwa sababu gani, na kubandika majibu nyuma ya bawa. Dalali anaweza kulazimishwa kujibu. Kama hana jibu, hilo nalo ni jibu, na mnunuzi mwenye haya ataondoka.

Fundi yule hufanya hivyo bila kuambiwa. Kabla ya kushusha dari anaziandikia boriti zote namba kwa mkaa, kuanzia upande wa mlango kwenda ndani, ili anayebaki nayo ajue iliketi wapi. Nilipoinama kuziangalia zile alizopanga ukutani, niliona moja ina alama mbili. Namba yake yeye, 14, mbichi, inayochafua kidole. Na pembeni, imechongwa kwa ncha ya kitu chenye makali, imekaribia kufutika, namba nyingine kwa tarakimu za Kiarabu: ٦. Nikamwonyesha.

“Naam,” akasema, “hii ilikuwa ya sita mahali pengine.” Akaichukua, akaipima kwa mkono wake mara mbili, akaiweka upande wa zile zinazorudi juu.